Robe ya Orpa

Kitendawili, weye unayenisikiliza: nyumba yangu, unaingia kwa mlango mmoja, unatokea kwa mitatu. Umeshindwa? Basi nipe mji. Nipe Likasi nzima, na mtaa wa Panda ndani yake. Ni robe, gauni! Unaingilia chini, unatokeza kichwa na mikono miwili.

Sasa kuna robe moja pale Panda, ya bluu, ambayo Bénie hakupenda kuiingia hata kidogo.

Ilikuwa ya rafiki yake Orpa. Wasichana hao walikuwa wameacha kuosha mawe ya madini mtoni ili wajifunze kushona kwenye atelier ya kanisa. Siku ya kutoka, mafunzo yakiisha, kila mmoja angepewa mashine yake. Sharti lilikuwa moja tu: atakayerudi kwenye mawe, mashine hapati. Ya Bénie ilikwisha kuandikwa jina kwa chaki.

Orpa alikuwa ametoweka miezi minne. Bénie ndiye aliyesema alimwona akipanda lori la kwenda Kakanda na dereva fulani. Tangu hapo Mama Suzanne, mzazi wa Orpa, hakuna dereva asiyemsimamisha. Na robe ya siku ya kutoka aliishona vilevile. Mwanawe angerudi, asherehekee na wenzake. Kwa kuwa Bénie na Orpa walikuwa na mwili wa kipimo kimoja, Bénie ndiye aliyevalishwa ili ipimwe.

Mara ya kwanza ya kuipima, pindo lilikutwa limelowa, lina matope mekundu. Mara ya pili vilevile. Robe ilitundikwa juu ukutani, na ilikuwa kiangazi, hata tone la mvua hakuna.

"Nani anapangusa chini na robe ya mwenzake?" Maman Henriette, mkuu wa atelier, aliwagombeza.

"Si sisi, maman! Labda Bénie anaenda nayo kwa bwana!"

Wasichana wakacheka. Bénie hakucheka.

Mara ya tatu, Mama Suzanne alipiga magoti, pini mdomoni, akashika pindo. Maji yakamchuruzika vidoleni. Alinusa yale matope. Akatoa pini moja moja mdomoni, taratibu.

"Bénie, mutoto yangu. Nimekuuliza mara mbili, mara mbili ukaomba maji ya kunywa. Madereva ya Kakanda wote hawamujue. Orpa iko wapi?"

Bénie alisikia baridi ikimpanda magotini, ikafika kiunoni, palepale maji yalipofika siku ile. Kitambaa kilikuwa kizito, kinamvuta chini. Aliitazama mashine yake, jina lake jeupe juu ya chuma cheusi.

"Bénie," mama yule akasema tena, kwa sauti ya kubembeleza. "Iko wapi?"

"Iko chini ya udongo, mama. Kule mutoni. Tulirudia kuosha mawe, miye na yeye, na ukingo ukamuangukia. Hakuna lori. Miye ndiye nilimwita twende."