Si kwa Mlango wa Jikoni

Mpishi na mdogo wake walikuwa likizo, na foleni ya klabu ilikuwa imezunguka kona. Baunsa alipitisha wenye viatu vya bei mbaya tu. Mdogo mtu akapotea kidogo, kisha akarudi anahema.

"Dada, mambo safi! Nimeongea na watu wa jikoni. Tunapita nyuma sasa hivi."

"Nyuma tena?"

Miaka ishirini hotelini kwao, meneja hakuwahi kumruhusu mpishi akanyage lango la wageni, hata siku ya kupewa cheti cha mfanyakazi bora.

Akavua viatu vilivyombana, akavishika mkononi.

"Tangulia wewe. Mimi niko likizo. Hata kukiche hapa, leo naingia kwa mbele."