Bendera ya Buluu

Yoti tuliyofanyia kazi Doha ilisajiliwa Uingereza. Kila asubuhi saa mbili tulipandisha nyuma bendera nyekundu, ile ile ya meli zao za biashara. Lakini tajiri wetu alikuwa na kibali cha bendera ya buluu, kwa sharti moja: ipepee yeye akiwemo tu. Fabian, tuliyekaa naye chumba kimoja mtaa wa Najma, alisahau kila mara. Nikamtungia shairi la beti mbili; wa pili ulihusu kusalimia manowari, wa kwanza ulisema:

*Tajiri akiwa ndani, ya buluu ipandishe,*
*Akishuka bandarini, nyekundu uirudishe.*

Mwaka ule, 2013, nahodha alitafuta serahangi wa kutuongoza mabaharia. Tuliofaa tulikuwa wawili, mimi na Fabian.

Siku ya uamuzi Fabian alinipokea kwenye ngazi, kidole mdomoni.

"Vuai, taratibu! Mzee kaingia alfajiri, kalala. Buluu leo."

"Umemwona?"

"Nimembebea begi, sheikh wangu. Au ukamgongee mlango umuulize?"

Mlango wa tajiri haugongwi. Nikapandisha buluu.

Saa mbili na nusu gari lilisimama gatini. Akashuka tajiri, ametoka uwanja wa ndege, na mgeni wake, mzee aliyestaafu jeshi la maji la Waingereza. Mgeni alitazama bendera, akamtazama mwenyeji wake, akacheka. Tajiri akawa mwekundu kuliko bendera niliyoiacha kabatini.

"Nani kapandisha?" nahodha aliuliza.

"Mimi. Fabian kaniambia…"

"Mimi?" Fabian alidakia. "Nimemkataza, Kapteni! Kanuni hii naijua hata kwa shairi." Akalighani, shairi langu, mkono kifuani, kisha akamfasiria nahodha. "Nimelitunga mwenyewe."

Nilitaka kupiga kelele. Uongo kuhusu begi ningeumeza. Lakini mizani yangu, vina vyangu, kinywani mwake!

Kabla ya adhuhuri Fabian alikuwa serahangi. Nahodha akatangaza: kesho tunatoka na mgeni, na njiani tutapishana na manowari ya Kiingereza. Bendera isalimie inavyotakiwa, serahangi atasimamia.

Chumbani Fabian alikaa kitandani kwangu, mpole kama mkwe.

"Ndugu yangu, yale yamepita. Ule ubeti wa pili, wa manowari, unasemaje? Bendera inashushwa lini, inarudishwa lini?"

Nilikunja shati langu polepole.

"Muulize aliyelitunga."