Ndengu za Mwisho wa Mwezi

Kila mwisho wa mwezi ukuta mmoja wa Shauri Moyo ulitenganisha harufu mbili: kwa Nerima nyama, kwa Nthenya ndengu. Waume zao waliendesha malori ya kiwanda kimoja cha magodoro. Waliajiriwa siku moja, mwaka 1976, kwa mshahara mmoja. Hata hivyo bahasha aliyoleta Kiilu nyumbani ilikuwa nyepesi kuliko ya Shitanda, mume wa Nerima, na haikuwahi kunenepa.

"Mama Muindi, mimi sisemi kitu," Nerima alisema wakianika nguo, maana yake anasema. "Lakini pesa haina miguu. Ukiona haikufika, kuna aliyeibeba. Na dereva, dada yangu, hupita mitaa mingi."

Nthenya aliendelea kuanika. Moyo wake haukuwa wa kuwaka ovyo, ulipima kwanza. Kiilu hakunywa. Hakucheza karata. Jua likizama yuko mlangoni, anamwogesha mtoto, kisha analala kama gunia. Alimpima kwa kila kipimo alichokuwa nacho, na bado mizani iliegemea upande wa Nerima. Miaka mitatu ya ndengu si bahati mbaya.

Jumamosi mchana, Kiilu akiwa ananawa mikono, Nthenya aliweka sahani mezani na kuuliza kwa sauti ile ile ya kuulizia chumvi:

"Baba Muindi, huyo mwanamke anakaa Mbotela au Donholm?"

"Mwanamke yupi?"

"Anayekula nyama yangu."

Kiilu alicheka. Alipoona anacheka peke yake, alijifuta mikono, akaketi.

"Bima ya hospitali, mimi na Shitanda hukatwa sawa. Akiba ya uzeeni, sawa. Kodi ya mapato ndiyo inayotutenga."

"Serikali inakuchukia wewe peke yako?"

"Mwenye mke hupunguziwa kodi."

Ndengu zilitoa mvuke kati yao.

"Na mimi ni nani? Kabati?"

"Siku ya kuajiriwa karani aliniuliza, una mke? Nikamwambia bado." Sasa alikuwa akiisemesha sahani. "Ntheo sijapeleka, Nthenya. Ningeiambia serikali jambo nisiloweza kumwambia baba yako?"

Hilo halikuhitaji ufafanuzi kati ya Wakamba wawili. Ng'ombe wa mahari waweza kudaiwa hadi wajukuu waote meno. Lakini mbuzi wa ntheo wasipofika kwa wazazi wa binti, hakuna ndoa, kuna binti wa watu anayekupikia. Nthenya alilijua. Kila alipokwenda Machakos, baba yake alimkaribisha vizuri mno, kama mgeni.

Alikuwa amejiandaa kwa uongo, majibu yake yote tayari. Ukweli wa ghali namna hii hakuutarajia.

"Kiilu, kodi yote hiyo isingenunua mbuzi?"

"Ingenunua. Lakini nikitaka mbuzi, sharti nisikatwe. Nikitaka nisikatwe, sharti mbuzi wapatikane."

"Karani hakuuliza habari ya mbuzi!"

"Aliuliza habari ya mke."

Nthenya alitaka kumwita mpumbavu. Neno lilifika mdomoni likageuka kicheko. Miaka mitatu mtu huyu amekuwa akilipia, mwezi baada ya mwezi, heshima ya mzee ambaye hata hajui kwamba inalipiwa. Akamwongezea ndengu kutoka sahani yake mwenyewe.

Jumatatu asubuhi Nerima alitokea mlangoni na beseni lake.

"Ulimpata yule mwanamke?"

"Nilimpata."

Beseni likawekwa chini. "Anakaa wapi?"

"Hapa hapa Shauri Moyo."

"Yesu! Namjua?"

"Unamjua sana. Hajaolewa."

"Na haya hana!"

"Ana mchumba," Nthenya alisema, akichambua ndengu kwenye uteo, akitupa vijiwe kimoja kimoja. "Anatafuta mbuzi."