Fundo la Salum

Salum fundi viatu hakumwamini mtu aliyemletea kiatu. Hakuwa na chuki na mtu, alikuwa na uzoefu tu. Kwa miaka ishirini na mbili pale karibu na soko la Musoma, watu walimrudishia viatu vilivyoshonwa na mafundi wengine, wakimwapia kwa Mungu kwamba ni kazi yake imeachia. Ndipo akaanzisha mtindo wake. Kila mshono alioumaliza, fundo la mwisho alilifunga nje, waziwazi, dogo na gumu kama punje ya mtama. Ukija na kiatu kisicho na fundo unarudi nacho. "Hicho sikushona mimi," alikuwa akisema bila hata kunyanyua uso. "Mpelekee aliyekudanganya."

Ligi ya besiboli ilipoanza, timu tatu tu, Musoma, Bunda na Butiama, hakukuwa na duka la karibu lililouza mipira yake. Ni mipira midogo ya ngozi, inayoenea kiganjani, na ikipigwa rungu siku mbili tatu mshono unafumuka. Yote ikawa inaletwa kwa Salum. Aliishona kwa uzi wa nyavu, na fundo akaliacha nje kama kawaida yake. Kwa kuwa mipira ilikuwa michache, kila timu ilikuwa na mfuko wake, na mrushaji wa kila timu alirusha mipira ya mfuko wa kwao: ya Musoma ina doa la rangi ya bluu, ya Bunda jekundu, ya Butiama la kijani.

Hivyo kibanda cha Salum kikawa ndiyo ofisi ya ligi, na Salum, mtu asiyeweza kushona bila watu kumzunguka, akaongeza benchi la pili.

Msimu ulipokwisha mabenchi yote mawili hayakutosha. Kulikuwa na tuzo ya Mrushaji Bora wa Mara: glovu mpya na safari ya kambi ya mwezi mzima Dar es Salaam. Waliotajwa walikuwa wawili. Wa kwanza Khalidi wa Musoma, mtoto wa Hasna, dada yake Salum tumbo moja. Wa pili Masatu, kijana wa Kisorya aliyerushia Bunda.

"Bora ni anayeshinda," alisema Chrispin wa bodaboda, akiwa amevua kiatu kimoja kishonwe. "Khalidi kashinda mechi nane katika kumi. Masatu kashinda tano, kapoteza tano. Nusu kwa nusu. Hata mimi nusu kwa nusu naweza."

"Wewe hata pikipiki yako haiwakagi mara ya kwanza," alisema Najat muuza kahawa, akimjazia kikombe. "Masatu wenzake hawajui kupiga. Akirusha yeye, wapigaji wenu wanakosa. Wakija kupiga wenzake, nao wanakosa. Hilo ni kosa lake?"

"Kupoteza ni kupoteza."

"Hesabu mizunguko, Chrispin. Mtu akipiga mpira akakimbia vituo vyote akarudi, huo ni mzunguko. Msimu mzima Masatu kaachia mizunguko tisa. Khalidi kaachia thelathini na moja. Sasa nani anarusha?"

Salum aliinamia kiatu cha Chrispin. Wapiga kura walikuwa watatu. Alfonsi wa Bunda angempa Masatu, hilo lilijulikana hata na mbuzi. Mwalimu Wankyo wa Butiama alishasema hadharani kwamba mshindi ni anayeshinda, kwa hiyo ni Khalidi. Wa tatu alikuwa Salum, aliyechaguliwa kwa sababu kila mpira wa ligi ulipitia mkononi mwake.

Ndipo Hasna akaingia, mtandio begani, akaketi bila kukaribishwa.

"Mnahesabu mizunguko," alisema. "Hamjiulizi mpira wa yule kijana unaangukaga kwa nini. Unakuja umenyooka, mtu ananyanyua rungu, mpira unazama kama umeitwa chini. Mpira wa mwanangu unazama hivyo?"

"Wa Khalidi unazama kidogo," alisema Najat.

"Kidogo. Kama wa binadamu."

Watu wakacheka, lakini Salum hakucheka. Alinyoosha mkono kwenye mfuko wa Bunda, akatoa mpira wenye doa jekundu, akaunusa. Akaunusa tena.

"Dagaa," alisema.

Lilikuwa neno moja, naye alijuta kabla halijamaliza kutoka. Chrispin alikuwa ameshavaa kiatu chake kabla hakijaisha. Kufika adhuhuri, Nyegina walikuwa wanasema Masatu hupaka mpira mafuta ya sangara. Jioni habari ilipofika Buswahili, mafuta yalikuwa ya mamba na jina la mganga lilikuwa limeshapatikana.

Hasna alimfuata kaka yake nyumbani. "Umeona sasa? Mimi sikusema kitu. Pua yako imesema."

Salum alilala vibaya. Mtu anayeshuku viatu hawezi kuacha kushuku mpira. Lakini kitu kimoja kilimkwaza: mafuta yangeingia kwenye uzi na uzi ungeteleza sindanoni. Uzi wa mipira ya Bunda ulikuwa mkavu.

Jumamosi akabeba mfuko wa Bunda, akaaga kwamba anaupeleka mwenyewe, na asubuhi hiyo akashuka Kisorya. Mfukoni mwa koti alikuwa na kipande cha sabuni.

Alimkuta Masatu ameketi juu ya jiwe, rundo la kokoto pembeni yake. Mbele, mchangani, dagaa wa mama yake walikuwa wametandazwa juu ya nyavu kuukuu wakikauka. Yangeyange mmoja alitua. Masatu hakuinuka. Kokoto ilitoka mkononi ikagonga mti wa kuanikia, kidole kimoja kutoka kwenye mdomo wa ndege, na ndege akaondoka.

"Umemkosa," alisema Salum.

"Shikamoo mzee. Simpigagi yeye. Nampigia jirani yake, anaelewa."

"Marahaba. Tangu lini unafukuza ndege hapa?"

"Tangu sijaanza shule."

Mama yake, Eufrasia, alitoka nyuma ya nyumba akijifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa ameshasikia. Mtu haji na mfuko wa mipira kutoka Musoma, siku tatu baada ya maneno kama yale, kwa ajili ya kusalimia.

"Karibu, baba. Umekuja kutafuta mamba?"

Salum akatazama chini. "Mipira inanuka dagaa, mama."

Eufrasia akaonyesha kwa kidevu. Kwenye nguzo ya uchanja wa dagaa kulikuwa na msumari, na chini ya msumari ngozi ya nguzo ilikuwa imelainika kwa kamba kutundikwa na kutunduliwa. "Mfuko unakaaga hapo. Ndani kuna panya. Hapa kila kitu kinanuka dagaa, hata ubatizo wake ulinuka dagaa."

Salum hakuridhika. Alitoa sabuni. "Kijana, naomba unawe. Mpaka kwenye viwiko."

"Mzee umekuja kumwogesha mwanangu?" alisema Eufrasia, lakini yeye mwenyewe akaleta ndoo.

Masatu akanawa. Salum akamkagua kucha, akamvua kofia akaipekua pindo, akamgeuza mifuko ya suruali. Hakuna kitu. Akafungua mfuko, akachagua mpira mwenyewe, akaufuta kwa shati lake. Karai likasimamishwa kwenye ukuta, Salum akachuchumaa pembeni yake, macho usawa wa mpira.

Mpira ukaja umenyooka kifuani. Hatua mbili kabla ya karai ukazama, ukalipiga kwenye ukingo wa chini. Wa pili ukazama. Wa tatu ukazama. Kuku walishakimbia kelele za karai, na Salum bado amechuchumaa, anatafuta uongo asiouona.

"Mzee, naomba niulize," alisema Masatu, akija kuokota mipira. "Kwa nini mlituondolea fundo?"

"Fundo gani?"

"Lako. Mwanzo wa msimu lilikuwa nje. Kidole hiki nilikuwa nakiegesha pale, mpira unashika wenyewe. Mwezi wa saba mipira ikaja laini kama yai. Nilitaabika wiki tatu mpaka nikajifunza kuushika bila fundo. Zile mechi mbili nilizopoteza kwa mfululizo, ndiyo hizo."

Salum alisimama, magoti yakalia. "Si ninyi mlilalamika? Kwamba fundo linawachubua vidole, nilifiche ndani."

"Nani alilalamika?"

Eufrasia aliacha kugeuza dagaa. Salum akafungua mdomo kutaja jina, kisha akaufunga. Kwa sababu hakuna mtu wa Bunda aliyewahi kufika kibandani kulalamika. Aliyekuja alikuwa Khalidi, akitafuna muwa kwenye benchi, mwanzoni mwa mwezi wa saba. *Mjomba, wenzetu wa Bunda wanasema fundo lako linawatoa damu. Wafichie wao. Sisi tuachie tu, tumezoea.* Salum aliona huo ni uungwana. Mtu anayenusa mipira, anayepekua kofia za watoto wa watu, alificha mafundo ya mfuko mzima bila kuuliza neno la pili, kwa kuwa aliyesema alikuwa wa nyumbani.

Alirudi Musoma alasiri. Hakwenda nyumbani. Alifungua kibanda, akamwaga mfuko wenye madoa ya bluu juu ya meza. Salum alijua kusoma soli: nani anaburuta mguu, nani anatembea upande, nani anasimama sana. Akaisoma mipira vivyo hivyo. Kila fundo la bluu lilikuwa linang'aa, limesuguliwa na kidole kile kile, msimu mzima.

Jioni hiyo Hasna alikuwa amepika sato wa nazi, na nyumba ilijaa watu kama arusi. Kesho yake ilikuwa safari ya Butiama, kupiga kura. Salum alikula kidogo, akamgeukia mpwa wake.

"Nani wa Bunda alikwambia fundo linachubua?"

Khalidi aliendelea kutoa miba. "Siku nyingi, mjomba. Mmoja wao."

"Jina lake."

"Walikuwa wengi."

"Mmoja au wengi?"

"Kaka," alisema Hasna, na sufuria ikasimama hewani, "unamhoji mtoto kama kituoni? Kula samaki. Wewe uliyenusa dagaa ndiye unayetaka majina?"

Wageni wakacheka. Khalidi naye akacheka, akichelewa kidogo.

Butiama walikutana uwanjani, chini ya turubai. Mwalimu Wankyo alisimama kwanza, akasema alichokuwa akisema siku zote: "Khalidi. Mechi nane." Alfonsi akasema Masatu, akakaa haraka kama mtu anayekwepa jiwe. Kisha macho yote yakaja kwa Salum. Hasna alikuwa mstari wa mbele, mkoba mapajani, tayari kupiga vigelegele.

"Kabla ya jina, nina kosa langu," alisema Salum. "Mwezi wa saba niliyaficha mafundo ya mipira ya Bunda. Ya Musoma nikayaacha. Niliambiwa wenyewe wametaka, sikuwauliza wenyewe. Kwa hiyo nusu ya msimu kijana mmoja amerusha na fundo langu, na mwingine amerusha bila. Wa pili ndiye aliyeachia mizunguko tisa." Akamtazama Alfonsi, kisha Mwalimu Wankyo. "Masatu. Na hayo ya mafuta yalianzia puani mwangu. Yaishie hapo hapo."

"Uliambiwa na nani?" aliuliza Mwalimu Wankyo.

"Kazi ya kuuliza ilikuwa yangu, mwalimu."

Hakutaja jina, lakini watu si wajinga. Turubai zima liligeuza shingo kumtazama Khalidi, na Hasna akainuka, akachukua mkoba wake, akapita mbele ya kaka yake kama anayepita mbele ya mti.

Wiki iliyofuata mabenchi yote mawili yalikuwa matupu. Chrispin alipita na pikipiki akapiga honi bila kusimama. Wateja wa Salum wakawa wanaleta viatu, wanaviweka, wanaondoka. Na mmoja wa kule Bunda, alipoletewa chake, alikigeuza juu chini akilitafuta fundo, Salum akimtazama. Najat pekee ndiye aliyeendelea kusimama, akamimina kahawa ambayo hakuna wa kuigombania.

"Dada yako anasema umemuuza mwanawe kwa watu wa dagaa," alimwambia.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nauza kahawa."

Siku ya tisa Khalidi akaja. Aliketi kwenye benchi, mahali pale pale alipotafunia muwa. Akaokota kipande cha uzi chini, akakizungusha kidoleni.

"Anaondoka Jumatatu," alisema Khalidi. "Masatu. Kwenda kambini."

"Nimesikia."

"Mama hajui nimekuja." Akakuna goti. "Mjomba, mipira yetu nayo ifichie mafundo. Yote. Nataka kujua mwakani nitaachia mizunguko mingapi."

Salum alimtazama usoni, kisha mikononi, kisha viatuni, maana viatu ndivyo alivyoviamini zaidi. Soli hazikumwambia kitu. Akavuta sindano, akaanza na wa kwanza, fundo akalisukuma ndani mpaka ngozi ikalimeza. Khalidi akamshikia uzi. Walifanya kazi mpaka adhana ya magharibi, wakizungumza kidogo, na mara moja Khalidi alimcheka Chrispin aliyekuwa anasukuma pikipiki yake kupandisha barabara.

Khalidi alipoaga, Salum aliitikia vizuri, kama mjomba. Akamsubiri apinde kona. Kisha akamwaga mfuko wa bluu juu ya meza, akaanza kuupapasa mpira mmoja mmoja kwa kidole gumba. Yote kumi na miwili ilikuwepo, yote laini kama yai.

Akairudisha mfukoni, akafunga kamba. Akaifungua, akaipapasa mipira tena.