Chupa Moja, Nusu Mbili

Maji yalichemka kabla umande haujakauka kwenye majani ya chai. Joyline aliyaepua, akayafunika, akayaacha mezani yapoe huku akiigeuzageuza chupa ya dawa waliyopewa zahanati. Ndani mlikuwa na unga wa manjano. Sista Marion, muuguzi wa zahanati, alikuwa amemweleza kila kitu dirishani, na Joyline, aliyerudi kusoma katika madarasa ya jioni ya watu wazima hapo Sironga, alipenda maelezo yaliyopangika. Gonga chupa ili unga ulegee. Tia maji yaliyopoa mpaka kwenye mstari. Pima kwa sirinji ndogo iliyokuja nayo, si kwa kijiko cha chai, maana vijiko vya nyumbani havilingani. Weka mahali penye ubaridi, tikisa kila unapotaka kumpa, na umpe mpaka siku zilizoandikwa ziishe, hata akianza kurukaruka mapema. Sista alikuwa ameuliza pia kama mtoto amewahi kutokwa na vipele au kuvimba uso baada ya dawa ya aina hiyo. Joyline akasema hapana.

Mtoto alikuwa Kemuma, binti yake, aliyeanza shule mwaka huo. Kifua kilikuwa kimembana tangu mvua zianze, na masikio yote mawili yalikuwa yakitoa usaha. Sabato ya watoto kanisani ilikuwa inakaribia na Kemuma ndiye aliyepewa ubeti wa kuimba peke yake. Joyline alikuwa ameshamshonea gauni. Alipokuwa akitia maji kwenye chupa aliuimba ubeti ule kimoyomoyo. Unga ulipochanganyika, chumba kilinukia ndizi mbivu.

Ndipo mama mkwe wake, Persis, akaingia na chupa tupu ya soda.

Katika boma la Persis, chochote kilichopita langoni kiligawanywa. Parachichi moja liligawanywa. Nusu mkate iligawanywa. Persis alikuwa na wana wawili, na wake zao walipikia jiko moja, basi haki ilitoka mkononi mwake na hakuna aliyewahi kupata zaidi ya mwenzake. Mke wa mwana wa pili aliitwa Bonareri. Mtoto wake, Ian, rika moja na Kemuma, naye alikuwa akikohoa na kushika masikio. Bonareri alikuwa amefika zahanati nyuma ya Joyline, akaambiwa chupa ile ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Joyline alieleza alivyoambiwa, kwamba dawa hii hupimwa kwa mtoto mmoja na huishia kwa huyo mmoja. Persis alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hapa kwangu hakuna mtoto wa kuangalia mwenzake akimeza," alisema, akainua chupa mbili kwenye mwanga wa mlango, akamimina kwa mkono usiotikisika.

Bonareri alisimama uani akiangalia chini.

Dawa iliisha siku zilizoandikwa zikiwa zimefika nusu tu. Asubuhi iliyofuata Kemuma aliamka amepona upande wa kulia.

Mstari ulianzia kwenye utosi, ukashuka katikati ya paji la uso, pua, kidevu na kitovu. Kulia kwa mstari jicho liling'aa, sikio lilikuwa kavu, na shavu lilikuwa la baridi kama jiwe la mtoni. Kushoto jicho lilikuwa zito, sikio lilitoa usaha, na shavu lilichoma kiganja. Joyline alimvua nguo, akamtazama mbele na nyuma, kisha akamvalisha. Alipotoka nje alimkuta Bonareri naye anakuja na Ian. Ian alikuwa amepona upande wa kushoto.

Persis aliwasimamisha wajukuu wake wawili kwenye jua. Alipitisha kidole kwenye mistari yao, akaridhika kwamba alikuwa amegawa sawa.

Watoto ndio waliogundua lingine. Kemuma alikuwa akitembea akipinda, maana mguu wa kushoto ulikuwa umechoka na homa, na Ian alikuwa akipinda upande wa pili. Walipogongana karibu na zizi, upande mgonjwa wa mmoja ukakutana na upande mgonjwa wa mwingine, na zile pande mbili nzima zikabaki nje, moja huku na moja kule. Wakakumbatiana kiunoni. Wakajaribu hatua. Kisha wakakimbia. Waliteremka mpaka kwenye migomba, wakapanda tena, wakapiga kona kwenye rundo la kuni bila kuanguka, wakipiga kelele kwa raha kiasi kwamba kuku wote waliingia jikoni. Bonareri alicheka mpaka akakaa chini. Joyline naye alicheka, akiwa amejishika kifua.

"Magokoro, tuone!" walimwita bibi yao. "Tuko mtu mmoja mwenye mbio!"

Shuleni mwalimu aliwapa kiti kimoja.

Joyline hata hivyo aliwapeleka zahanati. Sista Marion aliwapima joto, kila mmoja makwapa mawili, akasema huyo alikuwa mtoto wa kumi na moja wa nusu tangu dawa ipungue, kisha akajisahihisha kwamba walikuwa wa kumi na moja na wa kumi na mbili. Hakushangaa. Alikuwa amechoka tu. Aliwaambia kuwa dawa ikikatishwa, ugonjwa uliobaki huwa umeshaionja na kuizoea, hivyo hurudi na kiburi. Aliwaonyesha kwamba mstari hautakaa pale ulipo. Utasogea, na hautasogea kuelekea upande mgonjwa. Kila mtoto alihitaji chupa yake mwenyewe, kuanzia mwanzo mpaka tone la mwisho. Chupa hazikuwepo. Joyline alikuwa ameshazunguka kemisti zote za Nyamira mjini, akakuta vidonge vya watu wazima na rafu ambayo dawa ya maji ilikuwa inakaa.

Basi kila asubuhi Joyline alitazama mstari wa Kemuma kabla hajawasha moto. Ulikuwa umekaa. Wa Ian ndio ulianza kutembea. Ulivuka mwamba wa pua ukaelekea jicho zima, taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa.

Sabato ya watoto ilifika wakiwa hivyo hivyo. Joyline alifumua gauni ubavuni na Bonareri akaliunganisha na shati la Ian, kwa kuwa wangesimama pamoja. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje madirishani. Kemuma alipofungua mdomo sauti ilitoka upande wa kulia tu, nyembamba, ikielekea dirishani. Ian hakupangiwa kuimba, lakini aliona sauti ya mwenzake inaning'inia, akaongeza ya kwake ya kushoto. Zikakutana katikati ya kanisa. Wazee waliacha kukohoa. Akina mama walisimama mmoja mmoja, kisha benchi nzima nzima, na ubeti ulipokwisha wakaomba urudiwe. Joyline alilia waziwazi. Hakuwahi kusikia kitu kizuri namna ile, na kilikuwa kimetoka nyumbani kwao.

Waliporudia, Ian alikosa pumzi. Alikaa chini polepole, na Kemuma akakaa naye kwa sababu ya mshono. Bonareri alipomgusa, mstari ulikuwa umefika chini ya sikio.

Siku ya kwanza ya juma habari zikaenea kwamba dawa imefika. Joyline na Bonareri walifika zahanati wakikimbia, mtoto mmoja mgongoni kwa kila mmoja. Zilikuwa chupa chache, na zilikuja na agizo kutoka juu ambalo Sista Marion alilisema bila kuinua macho: watoto wa nusu wahesabiwe wawili kwa mgonjwa mmoja, na wawili wapewe chupa moja, kwani wameshazoea kugawana.

"Na wewe unaonaje, Sista?" Bonareri aliuliza.

"Mimi nimeambiwa nigawe," Sista Marion alisema. "Sijaulizwa ninavyoona."

Nyumbani Persis alikuwa ameshaosha chupa ya soda. Joyline alichanganya dawa mpaka kwenye mstari, akatikisa, na harufu ya ndizi ikajaa tena chumbani. Watoto walikuwa wamelala kitanda kimoja, nusu zenye homa zikitazamana. Persis alinyoosha mkono apokee.

"Mama, hii usigawanye," Joyline alisema.

"Nimpe nani, basi?"

Bonareri alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, ameshika wayo wa Ian kama mtu anayeshika kamba. Joyline alimtazama binti yake, upande ule wa kushoto uliokuwa na moyo. Kisha akautazama mstari wa Ian.

"Ian," alisema.

Persis aliirudisha chupa tupu kabatini. Dawa hiyo ilikuwa kitu cha kwanza kuingia kwenye boma lile na kwenda kwa mtu mmoja, na alitoka nje akasimama kidogo peke yake.

Joyline ndiye aliyepima kila dozi kwa mkono wake, kwa sababu macho ya Bonareri yalijaa machozi na alama za sirinji ni ndogo. Chupa waliiweka kwenye sufuria ya maji baridi, pembeni pa mtungi. Kwanza mstari wa Ian ulisimama. Kisha ukaanza kurudi: ukaliachia sikio, ukaliachia jicho, ukavuka pua ukafika mahali ulipokuwa zamani, na haukuishia hapo. Ulipofika bega la kulia Ian aliomba ugali. Ulipofika kiunoni alitoka nje akapanda mti. Alikuwa mzima kwa yeyote anayetazama, isipokuwa unyayo mmoja wa kulia uliobaki na joto kidogo, na chupa ilikuwa bado karibu nusu.

Siku hiyo Joyline alikaa na chupa mapajani. Kemuma alikuwa amelala ubavuni pake akipumua kwa upande mmoja. Mstari wake nao ulikuwa umeanza kusogea, ukafika kwenye tundu la kulia la pua. Persis aliingia, akaona, akaketi.

"Huyo yuko juu ya mti," alisema kwa upole. "Na huyu yuko hapa. Hiyo iliyobaki itamfanya nini mtu aliye juu ya mti?"

Joyline alijua tu kwamba nusu nyingine ingewaacha wote wawili pale walipoanzia, na ugonjwa wenye kiburi. Alisimama mlangoni akamwita Ian ashuke. Ian alikunywa, akajipangusa mdomo, akapanda tena. Alikunywa hivyo mpaka sirinji ikafyonza hewa tupu, na unyayo wake ukapoa.

Asubuhi iliyofuata Joyline alimbeba Kemuma wakaenda zahanati wakiwa wawili tu. Benchi lilikuwa limeongezwa upana ili watoto wakae kwa jozi. Foleni ilipofika kwake Sista Marion alichungulia nyuma ya mgongo wake.

"Huyu nusu yake iko wapi?"

"Amepona."

"Amepona mwili wote?"

"Wote. Tulimpa yeye chupa nzima."

Kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze uso wa Sista Marion ukafunguka. Alitaka kujua imechukua muda gani, kama aliharisha, kama alitoka vipele. Joyline alieleza kila kitu. Kisha uso ukajifunga tena. Agizo lilikuwa lile lile. Mtoto wa nusu akija peke yake si mgonjwa kamili, na chupa hutoka kwa mgonjwa kamili.

"Mtafutie mwingine hapo nje," alisema.

Mwishoni mwa benchi alikaa mama kijana aitwaye Valentine, aliyekuwa ametoka Ogembo asubuhi na mapema baada ya kusikia kwamba Nyamira kuna dawa. Mtoto wake, Geoffrey, alikuwa amepona upande wa kushoto, na mstari wake ulikuwa umenyooka, haujasogea popote. Alimpisha Joyline nafasi. Watoto walitazamana, kisha bila kuambiwa wakashikana kiunoni kujaribu. Geoffrey alikuwa mfupi kidogo, lakini walilingana. Walizunguka uwanja wa zahanati mara moja, mara ya pili wakikimbia, na cheko la Kemuma likafika mpaka dirishani.

Walipewa chupa moja.

Joyline alimweleza Valentine habari ya Ian tangu chupa ya soda mpaka unyayo. Akamwambia kwa Persis kuna kitanda, kuna mboga, na akakae mpaka chupa nyingine ije, maana aliamini itakuja. Valentine alisikiliza akimtazama Kemuma. Aliona mahali mstari ulipokuwa umefika.

"Tuanze na huyu," alisema. "Mstari wa wangu bado umesimama."

Joyline akamshika mkono. Waliteremka barabara ya majani ya chai wakiharakisha kama watu wanaokwenda harusini, watoto wao wakiwa mbele, mtu mmoja mwenye mbio.

Nyuma yao Sista Marion aliita mgonjwa aliyefuata, na watoto wawili wakasimama.