Mama Mkwe wa Kiwanda cha Sabuni

Mimi Bosibori sikuumbwa kukaa nyumbani nikisubiri salamu. Mwaka wa sabini na mbili nilikuwa mpishi mkuu wa sabuni, tena nilikuwa najua kazi, msinicheke. Kiwanda chenyewe kilikuwa banda la mabati karibu na soko la Daraja Mbili. Wenye mabucha walituletea mafuta ya ng'ombe, sisi tukayachemsha na soda kali kwenye pipa, na watu wanane tukalisha watoto kwa moto ule.

Mwenye kiwanda alikuwa Omwenga, kijana aliyefanya kazi Nairobi akarudi na wazo lake. "Ng'ombe ni wetu, kuni ni zetu," alikuwa akisema, "halafu sabuni ije kwa lori kutoka mbali? Nchi itajengwa na nani?" Sauti yake ilikuwa kubwa, na yangu si ndogo. Tulibishana juu ya lile pipa mpaka wauza ndizi wakasimama kutusikiliza. Lakini sabuni ilitoka safi.

Kisha akamwoa binti yangu Persis. Walipendana lini, sijui. Kumbe chakula cha mchana alichokuwa akiniletea Persis hakikuwa changu peke yangu!

Harusi ikapita vizuri, Jumatatu tukarudi kazini. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kwetu Gusii mkwe na mama mkwe wanaoneana haya: hawapeani mikono, hawatazamani machoni, kugombana ndiyo usiseme. Omwenga alipoingia na kunikuta pale, aligeuka akajifanya anakagua ukuta. Tukamfanya mwenzetu Ondieki kuwa mjumbe.

"Ondieki, mwambie mama moto upunguzwe."

"Mama, moto upunguzwe."

"Mwambie nimesikia, mimi si kiziwi!"

Kufika saa sita Ondieki alikuwa amekauka koo.

Shemeji yangu Abner, ndugu wa marehemu mume wangu, akaja mbio. "Aibu gani hii? Mama mkwe kibarua wa mkwewe! Acha kazi hiyo." Nikamwambia aondoke kwenye moshi kabla sijamwosha yeye. Lakini moyoni niliogopa, sitaficha. Tangu nifiwe, watu waliniita mjane yule. Ni pale kwenye pipa tu walipoanza kuniita fundi. Kuacha kazi ile kungekuwa kama kufiwa mara ya pili.

Mwezi huo hospitali moja ikakubali kujaribu sabuni yetu. Ikiwafaa, wangechukua kwetu kila mwezi, na Omwenga angeongeza pipa la pili na kuajiri watu wengine sita. Isipowafaa, wangerudia ile ya lori.

Siku ya kupika sabuni hiyo ya hospitali, Ondieki alikuwa ametumwa Kenyenya kufuata mafuta. Soda ilikuwa imetoka kwa muuzaji mpya, kali kuliko ya kawaida, na Omwenga alilijua hilo. Zamani angenipigia kelele, "Punguza!" Siku hiyo alifika mlangoni, akaniona niko peke yangu, akakohoa, akaenda zake. Mimi nami niliona sabuni inashika, inaganda mapema mno. Zamani ningekwenda kugonga meza yake. Niliinuka, nikafunga leso vizuri, nikakumbuka ni mkwe wangu, nikaketi. Watu wawili wenye adabu zao, na sabuni inaharibika!

Muuguzi alinawa mara moja tu, mikono ikawasha kama pilipili. Kasha zima likarudishwa. Tukapewa wiki mbili kuleta jingine.

"Umeona sasa?" Abner akasema. Aibu ilinikaba, nikabaki nyumbani. Nilipalilia migomba kwa hasira mpaka jirani akaniuliza imenikosea nini. Persis akaja kunieleza kwamba Omwenga amejaribu kupika mwenyewe mara mbili. Ya kwanza ilikuwa uji, ya pili haikufaa hata kutajwa.

Jumapili asubuhi, zikiwa zimebaki siku nne, nikaona msafara langoni. Omwenga, baba yake mdogo Obadiah, Ondieki na wafanyakazi wote, kila mtu amevaa koti, kama watu waliokuja kuposa. Abner akawaketisha uani kwa furaha.

"Wageni, mmepita tu au mna haja?"

"Tuna haja," Obadiah akasema. "Tulichukua binti hapa. Sasa tumemrudia mama yake."

Abner akapaliwa na mate.

"Tunaomba fundi," Obadiah akaendelea. "Bila huyu mama, Omwenga ana banda na pipa tu."

"Na bila Omwenga," Ondieki akadakia, "sisi tuna mikono mitupu."

"Mnatoa nini?" Abner akauliza, akidhani amewabana.

Omwenga akajibu mwenyewe, macho chini. "Natoa haya yangu. Nitaiacha mlangoni pa kiwanda kila asubuhi, niichukue jioni nikienda nyumbani."

Nikaona nisiposema sasa nitalia mbele za watu. Basi nikamwuliza yeye mwenyewe, bila mjumbe. "Soda ile, ulijua ni kali?"

Akainua uso, akanitazama. "Nilijua, mama. Niliona haya kukuambia."

"Na mimi niliona inashika mapema. Niliona haya kukuuliza."

Nikaangua kicheko, na wote wakanifuata, isipokuwa Abner. "Ngojeni kwanza, lazima ukoo ukae kikao..."

"Kaeni, shemeji, na chai iko jikoni," nikasema. "Mimi nakwenda kuwasha moto. Hospitali haingoji ukoo."

Omwenga akanipisha langoni. Nikapita mbele ya mkwe wangu mchana kweupe, na kabla hatujafika barabarani tulikuwa tumeshaanza kubishana juu ya soda.