Treni ya Mwalimu Dusabimana

Sylvain Dusabimana alikufa mwezi wa nne, kwenye barabara ya kutoka Mpofi, siku mlima ulipoporomoka baada ya mvua ya siku tatu. Alikuwa amekwenda kumwona rafiki yake mgonjwa, na alikuwa anarudi kwa miguu kwa sababu pikipiki hazikuweza kupita. Walimtoa kwenye udongo kesho yake mchana. Aliacha mke, Carmel, watoto wawili wadogo, shamba la maharage na muhogo juu ya mteremko, na treni ndogo ndani ya katoni.

Treni ile ilikuwa ya padri mmoja mzee aliyeondoka parokia zamani. Ilikuwa na kichwa kimoja cha chuma, kirefu kama kiganja cha mkono, mabehewa matatu, na vipande vya reli vya kupachikana. Sylvain alikuwa mwalimu wa fizikia, na aliitumia kufundishia umeme. Aliunga betri ya pikipiki kwenye reli kwa waya mbili, umeme ukapita kwenye magurudumu mpaka kwenye mota, na treni ikazunguka meza. Wanafunzi ambao hawajawahi kuona treni ila kwenye picha walielewa kwa dakika tano jambo ambalo ubao ulishindwa kuwaeleza wiki nzima.

Lakini treni ya kutembea tambarare haikumtosha. Alisema mutu wa huku milimani Masisi akiona kitu kinatembea, swali lake la kwanza ni kama kitapanda. Akategemeza ubao kwenye matofali, akapigilia reli juu yake. Magurudumu yakateleza. Akajaza ndani ya kichwa cha treni vipande vya risasi, zile ambazo wavuvi wa Shasha wanafunga chini ya nyavu, ili kiwe kizito. Safari hii magurudumu yalishika, lakini treni ilikwama katikati ya ubao, ikatoa moshi, na mota ikaungua. Siku nne baadaye ndipo alipokwenda Mpofi.

Dada yake mkubwa, Uwimbabazi, alikuwa fundi wa redio na simu katika soko la Sake. Alipanda kuja kuzika, akabaki kumsaidia Carmel kupalilia. Siku moja asubuhi Carmel aliweka katoni mbele yake, pamoja na kayee ya Sylvain, daftari alimoandika majaribio yake. Alimweleza kwamba prefe, mkuu wa shule, Papa Munyakazi, alitaka wanafunzi wakutane Jumamosi ya wiki iliyofuata kumkumbuka mwalimu wao, na treni itembee siku hiyo.

Ukurasa wa mwisho wa kayee ulikuwa na mistari miwili tu: mota ya redio-kaseti ya gari, na risasi mara mbili.

"Fanya vile aliandika," Carmel alisema. "Usiongeze kitu, usitoe kitu."

Uwimbabazi aliahidi. Alituma ujumbe Sake, dereva mmoja wa pikipiki akamletea redio mbili mbovu kutoka kwenye meza yake. Akatoa mota ya ile ya kwanza, akaipunguza kwa tupa mpaka ikaenea, akajaza risasi kama ndugu yake alivyosema. Alifanya kazi kwenye kizingiti, penye mwanga, na kila alipolehemu waya alijihadhari asiharibu alichokishika Sylvain. Treni ilipanda shibiri mbili, ikasimama, ikaanza kunuka. Akachomoa waya, akasubiri ipoe, akajaribu tena. Mota ikafa.

Alijua sababu. Labda alikuwa ameijua tangu aliposoma ile mistari miwili. Mota ndogo inazunguka mbio lakini haina nguvu, na kila risasi inayoongezwa inakuwa mzigo mwingine wa kuvuta kwenda juu. Sylvain alikuwa amekosea. Angekuwa hai angeligundua hilo kabla ya wiki kwisha, angecheka na kufuta. Sasa kosa limebaki pale kwa mwandiko wake mzuri, na hakuna wa kulifuta.

Kwa siku mbili hakugusa kitu. Alikwenda shambani, akapalilia. Alikuwa na mota moja tu iliyobaki, na alikuwa na ahadi. Siku ya tatu alimwaga risasi zote za kichwa cha treni kwenye kopo. Sauti hiyo ilimtoa Carmel jikoni.

Carmel aliziangalia risasi, kisha akamwangalia wifi yake. Alimwuliza kama hivyo ndiyo vile Sylvain aliandika.

"Hapana," Uwimbabazi alijibu. "Vile aliandika haiwezi kupanda. Nilijaribu. Alikosea, Carmel."

Carmel alimbeba mtoto mgongoni, akateremka kwenda kuchota maji, na mpaka Jumamosi hawakusema zaidi ya salamu.

Uwimbabazi aliendelea. Kutoka kwenye imprimante mbovu ya parokia, ya kuchapia karatasi, aliomba gia mbili za plastiki, ndogo na kubwa, akaziweka kati ya mota na magurudumu, ili mota izunguke mara nyingi na gurudumu mara moja tu. Treni ingekuwa ya polepole, lakini yenye nguvu. Kwa kuzuia kuteleza alikata mpira wa ndani wa baiskeli, vipande vyembamba kama uzi mnene, akavivika magurudumu ya nyuma. Mpira haupitishi umeme, kwa hiyo akatengeneza vijiti vya shaba vya kugusa magurudumu ya mbele, vichukue umeme upande ule. Kazi ya vijiti peke yake ilimchukua siku nzima. Mara tatu vilivunjika.

Jumamosi darasa lilijaa. Papa Munyakazi alisali kwanza, kisha akaeleza kwamba kazi watakayoiona ni ya mwisho ya mwalimu wao. Carmel alikaa benchi la mbele, amevaa nguo nyeusi. Uwimbabazi angeweza kunyamaza, na kila mtu angefurahi.

Alisimama akasema kwamba mwalimu wao alitaka treni ipande, na aliandika namna ya kuipandisha, na namna hiyo haikuwa sawa. Akachora ubaoni uzito, mwinamo na mota, akawaonyesha penye kosa. Akasema kosa hilo ni la mutu aliyekuwa anatafuta, na kama mlima usingemchukua angelikuta mwenyewe. Hapo Carmel aliinuka akatoka nje.

Uwimbabazi aliunga waya. Kichwa cha treni kilianza kusogea, polepole sana, mpaka waliokuwa nyuma walidhani kimesimama. Kilifika kwenye mwinamo. Hakikuteleza. Kilipanda ubao wote na behewa moja nyuma yake, kikasimama juu.

Uwimbabazi alipogeuka alimwona Carmel mlangoni, ameshika fremu ya mlango. Haikujulikana alikuwa pale tangu wakati gani.

"Alikuwa anasumbuka nayo hata kwenye chakula," Carmel alisema taratibu. "Nilimwambia aache. Neno langu la mwisho juu ya hii treni lilikuwa hilo, aache." Alijipangusa uso kwa kitenge. "Kwa hiyo nilitaka ipande kwa maneno yake. Sikutaka ionekane yeye alikosea kwenye treni, na mimi nilikosea kumkataza."

Uwimbabazi alikwenda akamshika bega.

Wanafunzi walikuwa wameanza kuinuka, lakini Papa Munyakazi aliwaashiria wakae. Carmel alipita katikati ya mabenchi mpaka kwenye meza. Aliomba irudishwe chini, ipande tena, kwa sababu mara ya kwanza hakuwa ameangalia vizuri.